Kulipia chaji ya gari Uingereza: kadi ya benki, programu ya kampuni, programu ya pamoja, au kuchomeka tu?

Magari mawili ya aina moja yakiegeshwa sambamba kwenye kituo kimoja cha kuchajia, kila moja likaingiza yuniti 40, risiti bado zinaweza kutoka tofauti. Dereva wa kwanza kagusisha kadi ya benki na kulipa bei iliyoandikwa kwenye kioo cha mashine. Wa pili kafungua programu ya kampuni yenye kituo, ambayo anailipia ada ya mwezi, akapunguziwa tuseme peni 15 kwa kila yuniti. Umeme ni uleule na dakika ni zilezile, ila mmoja kaondoka na pauni sita zaidi mfukoni.

Yuniti ni kilowati-saa moja, ileile unayoijua kwenye LUKU au kwenye tokeni za Kenya Power. Mwenye nafasi ya kuegesha nyumbani na chaja ukutani anainunua usiku kwa chini ya peni 10 ikiwa amejiunga na mpango wa bei wa magari ya umeme, na VAT yake ni 5%. Huyo hili linamhusu akiwa safarini tu. Anayeishi ghorofani, au kwenye nyumba zilizopangana mstari mmoja ambako gari hulala barabarani, hutozwa VAT ya 20% juu ya bei ambayo tayari imebeba gharama za kampuni. Mwaka 2025 wastani wa mashine za polepole ulikuwa peni 50 na ushei kwa yuniti, na wa mashine za kasi peni 70 na kitu. Halafu wapo wenzetu wanaoendesha teksi za programu London, ambako tangu tarehe 1 Januari 2023 gari linaloombewa leseni hiyo kwa mara ya kwanza sharti liwe na uwezo wa kwenda bila moshi. Dereva wa namna hiyo asiye na chaja nyumbani hununua umeme wa barabarani karibu kila siku ya kazi, na tofauti ya peni chache kwake ni kodi ya nyumba.

Aliyezoea nambari moja ya M-Pesa inayolipa kila kitu atashangaa kidogo. Hapa hakuna njia moja. Zipo nne, na kila moja ina mahali pake.

Sheria inakupa nini kabla hujachagua

Kanuni za vituo vya umma za mwaka 2023 zilibadilisha mambo. Tangu tarehe 24 Novemba 2024, mashine zote za umma za kilowati 50 kwenda juu, pamoja na mashine mpya za kilowati 8 au zaidi, lazima zikubali kadi ya benki ya kugusisha. Bei lazima ioneshwe kwa peni kwa kila yuniti, na ukishaanza kuchaji haiwezi kupandishwa katikati. Kampuni lazima iwe na simu ya msaada ya bure saa 24. Mitandao ya mashine za kasi (mtandao hapa ni mashine zote za kampuni moja) inatakiwa kuwa mizima kwa asilimia 99 ya muda, kwa wastani wa mwaka. Na kufikia tarehe 24 Novemba 2025, kila kampuni ilitakiwa ikubali malipo kupitia angalau mtoa huduma mmoja wa pamoja, yaani anayekuwezesha kulipia mitandao mingi kwa akaunti moja.

Itazame vizuri hiyo kilowati 8. Mashine nyingi za maduka makubwa ni za kilowati 7, na za kwenye nguzo za taa mitaani huwa hata chini ya hapo. Hizo sheria ya kadi haizigusi. Kwa hiyo anayesema "siku hizi unagusisha kadi popote" anazungumzia barabara kuu, si mtaa wako. Vituo vya Tesla vinavyohudumia magari ya Tesla peke yake navyo viko nje ya kanuni hizi.

Vipimo nitakavyotumia

Cha kwanza ni bei halisi ya yuniti, ukijumlisha ada yoyote ya mwezi. Cha pili ni mambo yanavyokwenda pale kituoni: unaanzaje, unasimamishaje, na kukitokea hitilafu unamlilia nani. Cha tatu ni pesa zako: zinashikiliwa kiasi gani, zinarudi lini, na risiti unaipata wapi. Cha mwisho ni nani njia hiyo inamfaa. Kasi ya mashine sikuiweka kwenye vipimo, kwa sababu mashine haichaji haraka zaidi kwa kuwa umelipa kwa njia fulani.

1. Kadi ya benki ya kugusisha

*Bei.* Ndiyo bei ya mgeni. Kwenye mitandao mingine ni sawa na bei ya programu, kwenye mingine iko juu kwa peni kadhaa, na penye mpango wa uanachama pengo huwa kubwa zaidi. Faida yake ni kwamba hakuna ada ya mwezi wala cha kukumbuka kufuta.

*Pale kituoni.* Unachomeka, unagusisha, unasubiri mashine na gari vizungumze, umeme unaanza kuingia. InstaVolt, kampuni ya mashine za kasi, walijijengea jina kwa njia hii miaka kadhaa kabla sheria haijawalazimisha wengine. Lipo jambo moja linalowasumbua watu wengi: mashine nyingine husimamishwa kwa kugusisha tena kadi ileile uliyoanzia. Ukianza kwa simu yenye kadi ndani yake kisha ukamalizia kwa kadi yenyewe ya plastiki, mashine haikutambui, kwa sababu simu hutuma nambari tofauti na ile iliyochapwa kwenye kadi. Ulichoanzia ndicho umalizie. Ikigoma kabisa, simamisha kutoka kwenye kioo cha gari, au piga ile simu ya bure iliyobandikwa kwenye mashine.

*Pesa na risiti.* Hapa ndipo kadi inapouma. Kwa kuwa mashine haijui utachukua yuniti ngapi, huomba benki ishikilie kiasi fulani kwanza, mara nyingi kati ya pauni 20 na 50. Ukimaliza, hukatwa ulichotumia na kilichobaki huachiwa, ila kuachiwa kwaweza kuchukua siku kadhaa kutegemea benki. Mtu mwenye pauni 90 kwenye akaunti ya kutolea pesa, akisimama vituo viwili kwa siku na kila kimoja kikashikilia pauni 40, anaweza kukataliwa dukani jioni wakati pesa anazo. Kadi ya mkopo inapunguza maumivu haya. Risiti nayo haiji yenyewe. Mara nyingi unaitafuta kwenye tovuti ya kampuni kwa tarehe na tarakimu nne za mwisho za kadi.

*Inamfaa* anayechaji nje mara chache, aliyekodi gari, mgeni aliyekuja kusalimia ndugu kwa wiki mbili, na yeyote ambaye simu yake imezima. Kadi ya Visa au Mastercard ya benki ya Nairobi au Dar es Salaam kwa kawaida inakubaliwa, ukihesabu makato ya kubadilisha fedha.

2. Programu ya kampuni yenyewe

*Bei.* Kwa anayerudi kituo kilekile, hapa ndipo penye nafuu. Kampuni kadhaa hutoa bei ya chini kwa anayeanzisha kutoka kwenye programu, na ya chini zaidi kwa anayelipa uanachama wa mwezi. Tesla, waliowafungulia wenye magari mengine baadhi ya vituo vyao Uingereza tangu Mei 2022, wanafanya hivyo: mwenye gari lisilo la Tesla akilipa ada ya mwezi hushuka hadi bei iliyo karibu na ya wenye Tesla. Bei zao pia hupanda na kushuka kwa saa, kwa hiyo saa mbili asubuhi na saa sita usiku si sawa. Ionity nao wana mipango ya mwezi, na bp pulse vilevile.

Hesabu ya uanachama ni rahisi, na bado watu hawaifanyi. Gawanya ada kwa punguzo. Ada ikiwa pauni 8 na punguzo peni 15 kwa yuniti, unahitaji yuniti 54 kwa mwezi ili pesa yako irudi. Betri ya yuniti 60 ukiipandisha kutoka asilimia 10 hadi 80 unaingiza yuniti 42. Basi ukichaji hivyo mara mbili kwa mwezi kwenye mtandao huo, umeshapita. Ukichaji mara moja, umewachangia. Dereva wa teksi hulipa ada hiyo ndani ya siku tatu za kazi, na kinachobaki cha mwezi ni chake.

*Pale kituoni.* Programu hukuonesha mashine ipi iko wazi kabla hujafika, na hilo peke yake lina thamani kubwa Jumapili jioni. Udhaifu wake ni netiweki. Maegesho ya chini ya ardhi mara nyingi hayana, na mashine inayokusubiri uianzishe kwa simu isiyoshika mawimbi ni nguzo tu. Kukitokea hitilafu, lakini, unashughulika na mtu mmoja: mwenye mashine ndiye mwenye akaunti yako, anaona ulichofanya, na anaweza kukuanzishia kutoka aliko.

Mashine za nguzo za taa ziweke akilini hapa pia. Mitandao kama ubitricity na char.gy imejaa mitaa ya London, na njia ya kulipa ni kupiga picha msimbo wa mraba uliobandikwa kwenye nguzo au kutumia programu. Baadhi zina bei ya usiku iliyo nafuu. Waya unakuja nao wewe. Kuhusu huo msimbo, kuwa makini: matapeli wamekuwa wakibandika wa kwao juu ya ule halisi, ukiupiga picha unapelekwa kwenye ukurasa wa kuiba nambari za kadi. Papasa kwanza uone kama ni karatasi juu ya karatasi. Ukiitumia programu uliyoipakua mwenyewe, wasiwasi huo haupo.

*Pesa na risiti.* Baadhi hukuomba uweke salio kwanza, na salio hilo hulala huko usipopita tena. Nyingi sasa hukata kadi uliyoisajili baada ya kuchaji. Risiti zote hukaa mahali pamoja, na huo ni ushindi kwa anayejaza hesabu za kodi. Anayedai gharama za gari kwa kiwango cha maili lakini hawezi kudai umeme tena juu yake. Kiwango kile tayari kimeuhesabu.

*Inamfaa* mwenye kituo chake cha kila siku au kila wiki. Haimfai anayependa kuzurura: simu itajaa programu kumi na mbili, kila moja na nywila yake.

3. Programu ya pamoja na kadi yake

Hizi hazina mashine. Zinakusanya mitandao mingi chini ya akaunti moja: Octopus Electroverse, Zapmap na nyinginezo.

*Bei.* Hapa hakuna kanuni moja, na ndiyo maana wengine huzisifu na wengine huziapiza. Mara nyingi bei ni sawa na ile ya kadi ya benki. Mara nyingine programu ya pamoja ina punguzo lake kwa mtandao fulani au saa fulani. Mara nyingine ina nyongeza. Bei inayokuhusu ni ile iliyo kwenye programu yako, si ile ya kwenye kioo cha mashine, kwa hiyo itazame kabla ya kuanza. Bei ya uanachama wa kampuni yenyewe kwa kawaida huipati kupitia hapa.

*Pale kituoni.* Nyingi hutoa kadi ndogo ya plastiki au kishikizo cha funguo. Unakigusisha pale penye alama yake, si kwenye kisomeo cha kadi ya benki, na mashine inaanza hata simu yako ikiwa imekufa. Kwa maegesho ya chini ya ardhi hakuna kinachoishinda. Tatizo huja mambo yakiharibika: mwenye mashine anakwambia uliza waliokupa kadi, waliokupa kadi wanakwambia mashine si yao, na wewe umesimama mvuani Milton Keynes. Dawa ni kuanza na simu iliyobandikwa kwenye mashine, maana huyo ndiye anayeweza kuiwasha upya. Malalamiko ya pesa ndiyo uyapeleke kwenye programu.

*Pesa na risiti.* Hapa ndipo ninapoipendea njia hii. Kwa kawaida hakuna pesa nyingi za kushikiliwa, malipo hukusanywa, na hesabu ya mwezi inakuja moja, hata kama ulichaji kwenye mitandao sita. Mwenye magari matatu ya biashara anaweza kuwapa madereva kadi na kuona kila kitu mahali pamoja.

*Inamfaa* anayesafiri njia tofauti kila wiki, na zaidi anayevuka bahari. Huko Umoja wa Ulaya, tangu tarehe 13 Aprili 2024 mashine mpya za umma za kilowati 50 kwenda juu lazima zikubali kadi ya benki, lakini vituo vya zamani bado ni vingi vinavyotaka programu ya lugha usiyoisoma. Kadi moja inayofanya kazi Calais, Liège na Köln inakuondolea adha hiyo.

4. Kuchomeka na kuondoka

*Bei.* Inategemea mkataba ulio nyuma yake: kampuni ya gari, mtandao wa vituo, au programu ya pamoja. Njia yenyewe si ghali wala rahisi. Ni mlango tu wa kuingilia kwenye mkataba.

*Pale kituoni.* Hakuna kinachoifikia. Gari hubeba cheti cha kidijitali kwa kufuata kiwango cha ISO 15118, mashine hukisoma kupitia waya, umeme unaanza. Wenye Tesla wamezoea raha hii kwenye vituo vyao tangu mwanzo. Ionity wanaikubali kwa magari kadhaa ya Ulaya. Fastned wana namna nyepesi zaidi, inayolitambua gari kwa anwani yake ya mawasiliano bila cheti kamili. Kasoro ni kwamba gari lako lazima liwe linaiweza, na kituo pia. Magari mengi ya mkononi ya bei nafuu, yale tunayonunua wengi wetu, hayaiwezi.

*Pesa na risiti.* Risiti ni safi. Hatari ni nyingine: anayelipa ni gari, si dereva. Ukimwazima shemeji gari kwa harusi ya Leicester, kila atakachochaji ni chako. Ukiliuza, futa akaunti ndani ya gari na kwenye programu kabla ya kukabidhi funguo.

*Inamfaa* mwenye gari jipya linalotumiwa na mtu mmoja, mzee asiyetaka kupambana na vioo, na anayechaji usiku wa manane asiyependa kusimama nje na simu mkononi.

Yasiyojali umelipaje

Gharama nyingine zitakufuata kwa njia zote nne. Tesla hutoza peni 50 kwa dakika gari likishamaliza kuchaji na kuendelea kukaa kwenye mashine wakati nusu ya kituo au zaidi inatumika, na pauni moja kwa dakika kituo kikiwa kimejaa. Vituo vya barabara kuu mara nyingi huruhusu kuegesha saa mbili bure, kamera zikisoma nambari za gari. Kuchaji hakukupi msamaha wa faini. Mashine ya kasi hupunguza sana mwendo betri ikipita asilimia 80, kwa hiyo penye foleni na penye ada ya muda, ondoka hapo. Wenye Nissan Leaf za plagi ya CHAdeMO wahakikishe kwanza kuwa kituo bado kinayo, maana vituo vipya vingi vinajengwa bila hiyo.

Ukiwa katika hali hii

Unachaji nyumbani na kutoka mara mbili tatu kwa mwaka: kadi ya benki inatosha, ikiwezekana ya mkopo. Ukijiongezea programu ya pamoja ya bure kwa ajili ya ramani, hujapoteza kitu.

Unaishi ghorofani na kuna nguzo ya taa chini ya dirisha: programu ya kampuni ya nguzo hiyo, na panga muda wa kuchaji uangukie saa za bei ya usiku kama zipo. Kadi ya benki ibaki ya dharura.

Unaendesha teksi na unachaji kila siku: chagua mtandao mmoja wa kasi ulio kwenye njia zako za kawaida, fanya ile hesabu ya kugawanya, lipa uanachama. Kisha beba kadi ya programu ya pamoja kwa siku mtandao huo ukiwa na foleni. Usilipe uanachama wa mitandao miwili kabla hujaona risiti za mwezi mzima, kwa sababu wa pili mara nyingi haujilipi.

Unavuka kwenda Ufaransa au Ubelgiji: programu ya pamoja, kadi yake iagize wiki kadhaa kabla ya safari ili isichelewe posta, na kadi ya benki ya ziada.

Umenunua gari jipya linaloweza kuchomeka na kuondoka: liandikishe kwenye mkataba wenye bei unayoitaka kwanza. Watu wengi hukubali mkataba wa kwanza ambao muuza magari amewawekea, wakalipa bei hiyo miaka yote.

Umekodi gari kwa wiki moja: gusisha kadi, weka akiba kwenye akaunti kwa ajili ya pesa zitakazoshikiliwa, na muulize mwenye gari kama ndani ya buti kuna waya wa mashine za polepole. Mara nyingi wanasahau kuuweka.